Pumzi Chini ya Kizingiti

Kwanza ulisikika mluzi. Mwembamba, wa kukatika na kurudi, kama wa mtu anayejaribu wimbo ambao hajaushika vizuri. Ulitoka nyuma ya pazia, na Fundi, aliyekuwa na simu mkononi, alisimama akausikiliza kabla ya kuthubutu kulifunua.

"Ni pua yake," Shemeji alinong'ona kutoka ndani. "Tangu jana ana mafua kidogo. Ingia, ila ukimwamsha utambembeleza mwenyewe."

Mtoto alikuwa amelala chali katikati ya kitanda cha wazazi wake, amefunikwa shuka jeupe hadi kidevuni. Alikuwa na miezi mitatu. Baba yake alikuwa na miezi minane melini, hakuwahi kumshika hata kidole, na kwa kuwa mtoto alifika nyumbani asimkute mwenyeji wake, wote walimwita Mgeni. Huyo baba naye walimwita Nahodha, ingawa kazi yake ilikuwa kupaka mashine mafuta chini kabisa, kwenye chumba cha injini. Jina hilo alipewa na mdogo wake, Fundi, siku ya kuagana, kwa utani tu, likaganda.

Fundi alipiga magoti, akaegemeza simu kwenye mto isitikisike, akarekodi sekunde arobaini.

"Si ungengoja aamke?" Shemeji alisema. "Siku hizi anacheka. Anarusha miguu kama anaendesha baiskeli. Kaka yako hajawahi kumwona akicheka."

"Akirusha miguu hafiki, Shem."

"Hafiki vipi?"

Hapo ndipo alipotaka. Fundi alikuwa mtu wa kuulizwa. Shule aliiacha njiani, lakini yote aliyoyajua aliyapata kwa kukesha na vitabu vya kuazima na kugombana na mashine, na hakuona kwa nini ayaongee kwa sauti ya chini. Alimvuta Shemeji hadi sebuleni, kwenye meza iliyokaa chini ya dirisha alilofanya duka la kutengenezea simu, akageuza kalenda ya ukutani na kuanza kuchora mgongoni mwake.

"Meli inatupa kila kitu kinachozidi kilobaiti mia tatu. Hiyo ndiyo sheria yao. Sasa video ni picha tu zinazofuatana, ishirini na tano kila sekunde. Nikizituma zote, meli itazama. Kwa hiyo natuma ya kwanza nzima. Inayofuata naikata vipande vya mraba, nukta kumi na sita kwa kumi na sita. Kila kipande nakiuliza: wewe umetoka wapi? Mashine inakwenda kwenye picha iliyotangulia, inakitafuta kushoto, kulia, juu, chini. Kila inapogusa inatoa nukta kwa nukta, inajumlisha tofauti zote. Penye jumla ndogo kuliko kote, ndipo kilipotoka. Basi kipande chenyewe sikitumi tena. Natuma hatua zake: tatu kulia, moja chini. Kule melini kompyuta yao inakisogeza yenyewe."

"Na kisichosogea?"

"Ahaa! Hicho ndicho ninachokipenda. Hicho sikilipii hata kidogo. Nakiambia tu, kaa hapo hapo."

"Ndiyo maana unampenda mwanangu akiwa amelala."

"Akilala ni mwepesi. Akicheka, uso mzima unakimbia kila upande."

Shemeji aliutazama mchoro wa miraba, kisha akatazama pazia. "Yaani akifurahi anakuwa mzito," alisema, akaenda zake jikoni.

Fundi alikwishaketi kwenye kompyuta yake. Jaribio la kwanza lilitoka kilobaiti mia nne na kumi. Akaondoa sauti, mluzi ukaenda, zikabaki mia tatu sitini. Bado. Kulikuwa na namba moja aliyoiita kizingiti. Jumla ya tofauti ikiwa chini ya kizingiti, mashine haikuhangaika kutafuta. Ilikata shauri kwamba kipande hakikusogea, ikapita. Siku zote alikiweka kizingiti kwenye mia nne. Leo alikipandisha hadi mia tisa.

"Mia mbili tisini na sita!" alipiga kelele. "Sekunde arobaini! Nioneshe mwingine mji huu anayeweza!"

"Mwingine wa nini," Mzee, baba yake, alijibu kutoka kwenye kiti chake cha barazani, "wakati wewe mmoja hatulali?"

Fundi aliitazama picha ya kwanza. Uso ulikuwa safi, kope zinahesabika. Wakati huo huo mteja akagonga dirisha na simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji, akitetemeka kama ndoo ilimwagikia yeye. Fundi akabonyeza kutuma, akaipokea simu ya watu.

Hakuitazama hadi mwisho.

*

Jibu lilikuja kesho yake saa nne asubuhi, kwa barua ya kompyuta ya melini, ambayo mabaharia wote waliitumia kwa zamu. Fundi aliisoma kwa sauti, kama kawaida, ili Mzee aliyekuwa barazani na Shemeji aliyekuwa akimwogesha Mgeni wasikie wote kwa pamoja.

"'Nimeiona video. Sekunde arobaini. Nimeirudia mara sita nikihesabu…'"

"Soma," Shemeji alisema.

"Ngoja kwanza."

"Shem, soma!"

Akasoma, safari hii bila mbwembwe. "'Mwanangu hapumui. Hakuna kinachopanda wala kushuka. Mmenifanyia tena kama mlivyonifanyia kwa Mama. Kesho tunafika bandarini, mimi nashuka. Saa kumi leo mkuu wa meli anafunga orodha ya wanaoshuka, nampa jina langu. Mwambieni mke wangu anisubiri. Msizike kabla sijafika.'"

Mgeni akapiga chafya ndani ya beseni.

Shemeji alimfunga taulo, akaja naye akidondosha maji sakafu nzima. "Ifungue," alisema. "Hiyo uliyotuma. Siyo uliyorekodi, uliyotuma."

Fundi aliifungua. Uso ulikuwa ule ule safi. Chini yake, shuka jeupe lilikaa kama chokaa ukutani. Sekunde kumi. Ishirini. Kwenye video aliyoirekodi kifua kilipanda na kushuka, kidogo mno, chini ya nusu ya nukta, na shuka lilikuwa jeupe tupu, halina alama ya kuonesha limetoka wapi. Jumla za tofauti zilikuwa mia tano, mia sita, mia saba. Zote chini ya mia tisa. Kila kipande cha kifua kilikuwa kimeambiwa kaa hapo hapo, nacho kikatii.

"Hapumui," Shemeji alisema, mtoto mzima begani anamvuta nywele. "Hata mimi ningelia."

"Ni kizingiti. Nilikipandisha."

"Ulikipandisha ili uniringie?"

Fundi aliifunga video. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Miaka thelathini aligawa barua za watu kwa baiskeli, na mpaka leo mtu akisoma barua yeye husimama.

"Mwandikie kwamba mtoto ni mzima," alisema.

"Niliandika hivyo hivyo kuhusu Mama!"

"Lile lilikuwa jambo jingine. Mtu yuko katikati ya maji, umwambie mama yako amefariki, akimbilie wapi? Nilimwonea huruma."

"Miaka thelathini ulipeleka misiba kwenye milango ya watu, Baba, hukuficha hata bahasha moja. Ulipofika wa kwetu ukaniambia nikate video za zamani. Nikakata! Miezi miwili namtumia Mama akikoroga chai, naye yuko kaburini. Mpaka jirani akamtumia pole, akafikiri anampa habari ya zamani."

"Usinipandishie sauti mbele ya mtoto."

"Mtoto amekufa, Baba. Barua inasema hivyo."

Shemeji alimtazama jicho moja tu, Fundi akainamisha kichwa. Aliandika: *Kaka, Mgeni ni mzima, anaoga. Kosa ni langu, la hesabu. Nitakueleza.* Jibu lilirudi baada ya nusu saa, mistari miwili.

*Na Mama pia alikuwa mzima, amechoka tu. Miezi miwili nilimwona anakoroga, kikombe kile kile.*

*

Mabaharia hawakuruhusiwa kupigiwa simu. Ofisi ya wakala aliyewaajiri ndiyo pekee iliyoweza kuipigia meli, na Fundi alikwenda huko kwa miguu akikimbia nusu ya njia. Karani alikuwa anakula karanga juu ya daftari.

"Ni dharura?" karani aliuliza.

"Ndiyo. Kaka yangu anaamini mtoto wake amekufa."

"Poleni sana. Cheti cha kifo unacho?"

"Hajafa."

Karani aliacha kutafuna. "Ni mgonjwa? Barua ya hospitali?"

"Mzima kabisa. Ana mafua tu. Ninachotaka ni umwambie kaka yangu kwamba mtoto ni mzima."

Karani alifungua droo, akapekua fomu kwa kidole chenye chumvi, bila haraka, moja moja. "Ya kifo ipo. Ya ugonjwa ipo. Ya mke kujifungua ipo." Akafunga droo. "Ya mtu kuwa mzima hatuna, bwana. Nikiipigia meli niwaambie huku hakuna kilichotokea, mimi nitafukuzwa kazi."

"Na yeye akishuka?"

"Akishuka kabla ya mkataba, jina linafutwa. Nauli juu yake. Kupitia ofisi hii hatapanda tena meli."

Watu wawili kwenye benchi walicheka. Walikuwa hawamcheki kwa ubaya. Walicheka kwa sababu maneno yalichekesha. Fundi aliondoka shingo inamwaka. Yeye, aliyezoea watu kusimama dirishani kwake wakimsihi, alikuwa amesimama dirishani kwa mwingine na kukosa hata fomu.

*

Alipofika nyumbani ilikuwa imekwisha kuwa saa saba na ushei. Shemeji alikuwa ameketi kitandani, Mgeni amelala mapajani mwake, mluzi unapiga. Mkononi alishika shati la mumewe, jeupe lenye mistari myembamba myeusi, alilovua mume siku ya kuondoka na ambalo Shemeji hakukubali lifuliwe.

"Wamekataa," Fundi alisema.

"Nilijua." Akapapasa kola ya shati. "Shem, nikuulize kitu, na usinihukumu. Na tukimwacha?"

"Tumwache vipi?"

"Tusitume kitu. Saa kumi ifike. Ashuke." Alisema akiliangalia shati, siyo Fundi. "Kesho bandarini, keshokutwa kwenye ndege, siku ya tatu anasukuma mlango ule pale. Anakuta mwanawe anarusha miguu. Atakasirika siku moja. Hata wiki. Lakini atakuwa anakasirikia humu ndani."

Fundi aligeukia mlango. Aliuona mlango ukisukumwa. Aliliona begi likidondoshwa, na kaka yake, aliyekuwa akimbeba mgongoni akienda shule, akiinama kuvua viatu. Miezi minane walikuwa hawajagombania redio. Kwa muda ule yeye naye aliitamani saa kumi ije upesi, bila kufanya kosa lolote ila kukaa kimya.

"Nami namtaka," alisema.

"Basi?"

"Sijui, Shem. Amua wewe. Mimi nimeshaamua mambo mengi ya watu humu."

Shemeji alimtandaza Mgeni kitandani. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Siku tatu," alisema mwishowe. "Siku tatu njiani akijua mtoto wake amekufa. Atakula nini? Atalala vipi kwenye kiti cha ndege?" Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Namtaka sana, mpaka nashindwa kula. Lakini simtaki hivyo. Chukua simu yako."

Fundi alikuwa bado analitazama lile shati. Mistari. Myembamba, myeusi juu ya nyeupe. "Shem," alisema taratibu, "mfunike hilo."

"Halijafuliwa."

"Mfunike. Shuka jeupe likisogea, nyeupe inakwenda mahali pa nyeupe, tofauti ni ndogo, mashine haioni kitu. Mstari ukisogea hata robo ya nukta, nyeusi inakanyaga nyeupe. Jumla inaruka. Haiwezi kusema hakikusogea. Itake isitake!"

Wakamfunika nalo. Lilimmeza mtoto hadi miguuni. Fundi alishusha simu hadi usawa wa kitanda ili kifua kionekane kwa ubavu.

"Atasema ni video ya wiki iliyopita," Shemeji alisema. "Mlimzoesha."

"Tuweke gazeti la leo?"

"Gazeti analisoma nani huko baharini? Weka maneno yake mwenyewe. Ya leo."

Fundi alielewa. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, yale maneno yaliyokuwa yakimchoma tangu asubuhi: KIKOMBE KILE KILE. Akaiegemeza karatasi kando ya kichwa cha mtoto.

Wakarekodi sekunde kumi na nane, Shemeji ameziba mdomo wake asije akapumua kwa sauti, ingawa sauti yenyewe haingetumwa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya mashine, na mashine ilikuwa kuukuu. Fundi alishusha kizingiti hadi sifuri. Akaiambia itafute kwa nusu na kwa robo ya nukta. Pale katikati ya nukta mbili hapana nukta, inabidi uikisie kwa kuchanganya majirani zake, na kila kukisia kunataka hesabu yake. Kipande kilichotafutwa mara mia sasa kilitafutwa mara mamia. Feni ya kompyuta ililia. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Mzee alileta kiti chake ndani, akaketi nyuma ya Fundi.

Ilitoka saa tisa kasoro dakika kumi. Kilobaiti mia tatu thelathini na moja.

"Imezidi," Mzee alisema.

"Naona, Baba."

"Ukate sekunde?"

"Nikikata, pumzi zitapungua. Atasema nimezirudiarudia." Fundi alikuna kichwa kwa kucha zote. Kisha akakiona kile alichopaswa kukiona tangu jana. Kizingiti si lazima kiwe kimoja. Ukuta hauna pumzi. Kitanda hakina pumzi. Aliuzungushia ukuta na kitanda kizingiti cha juu kabisa, vikae hapo hapo mpaka kiama, na kile kilichookolewa huko akakimwaga chote kwenye kifua.

Feni ikalia tena. Saa tisa na dakika ishirini na saba: mia mbili tisini na nane.

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kutuma. Akakirudisha. Akaifungua video, akaitazama mwanzo hadi mwisho, midomo ikihesabu, na nyuma yake akamsikia baba yake akihesabu pia.

"Kumi na mbili," Mzee alisema.

"Kumi na mbili," Fundi alisema, akatuma.

*

Hakuna aliyeketi. Shemeji alizunguka meza na Mgeni begani. Mteja wa simu ya ndoo alikuja dirishani, akawatazama nyuso zao, akaondoka bila kuuliza. Saa kumi kasoro dakika tano simu ililia, na Fundi akamkabidhi Shemeji aisome mwenyewe.

"'Kumi na mbili,'" alisoma. "'Nimehesabu mimi, amehesabu mpishi, amehesabu na mwenzangu wa injini. Sote tumepata kumi na mbili. Shati hilo mimi linanibana mabega, yeye limekuwa hema. Mke wangu, nililia mbele ya watu. Sijaandika jina. Miezi minne imebaki.'"

Alicheka, akapiga kelele ya furaha iliyomwamsha mtoto. Kisha kicheko kikakatika. Akairudia mistari ya mwisho kwa macho tu, akaketi kwenye kiti cha Mzee, polepole, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta pamefungwa.

"Miezi minne," alisema.

Mlango ulikuwa pale pale. Hakuna aliyeusukuma.

Mzee alikohoa. "Ukimjibu," alimwambia Fundi, "usimwandikie kwamba mke wake hali chakula. Atahangaika bure. Ni jambo dogo."

Fundi aligeuka. Shemeji aliinua uso.

"Dogo kiasi gani, Baba?" Shemeji aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. "Chini ya mia tisa?"

Mzee alisogea hadi mezani. Alisema, "Basi mwandikie. Mwandikie na kwamba mimi ndiye niliyeficha habari ya mama yake. Siyo wewe."

"Nilikata mimi," Fundi alisema.

"Niahidi, Shem, kwamba hutaficha tena," Shemeji alisema. "Siyo mimi tu. Muahidi yeye, kwa mdomo wako. Asikie."

Meli ilikuwa bado inaweza kupokea barua moja siku ile. Fundi, aliyeondoa sauti kwenye kila video aliyowahi kutuma kwa sababu sauti inakula nafasi, aliiwasha simu irekodi sauti peke yake. Mgeni alikuwa amelala tena, na mluzi wake ulisikika sebule nzima. Fundi alimsogelea, akaishika simu kati ya kinywa chake na pua ya mtoto.

"Kaka, huyo unayemsikia ni mwanao," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mke wako hali chakula vizuri kwa kukukosa. Baba amezeeka. Mimi nilikudanganya, na Mama hatarudi. Kuanzia leo kila kitakachosogea ndani ya nyumba hii, kiwe cheko, kiwe msiba, kiwe kidogo kuliko robo ya nukta, nitakuletea. Nakuahidi, Kaka. Sitakuamulia tena kipi hakikusogea."